Stesheni ya Viberiti

Nilianza na maboksi kumi na mawili ya kiberiti
usiku umeme ulipokatika.
Nikayapanga ukuta. Nikaubomoa. Nikaupanga tena.
Kufikia Pasaka nilikuwa na dirisha la tiketi,
nondo zake za njiti,
na paa la kopo la maziwa nililolikunja kwa uma,
mkunjo kwa mkunjo, hadi kidole gumba kikachanika.

Stesheni ya Moshi,
vile ilivyokuwa nilipokuwa na miaka saba.

Ndeshi, dada yangu, aliikuta chini ya kitanda
alipokuja kutafuta ndoo.
"Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja," akasema,
"na migomba inangoja samadi."
Akachukua ndoo, akaenda zake.

Jumamosi niliibeba katika boksi la feni,
nimeifunika khanga,
hadi chumba cha nyuma, kwa Gurmeet fundi cherehani,
pale Kiborloni, ambako nilisikia wapo watu wa namna hii.

Na kweli wapo.
Mbonea ana sarafu zenye tundu katikati,
amezitunga uzi kama samaki,
na ukimwomba akuonyeshe moja anakuonyesha zote.
Nakijwa, muuguzi wa zamu ya usiku, anaandika mwisho
wa mchezo wa redio uliokatizwa yeye akiwa darasa la tano.
Huu ni mwisho wa ishirini na sita.
Mpelelezi bado yumo kisimani.
Aminieli, kijana wa kidato cha pili, anamsihi:
"Mama, mtoe basi, kamba ipo!"
Naye amechora ile kamba, na kisima, na mbwa
ambaye redioni hakuwepo.

Nikafunua khanga.

Kimya. Kisha Mbonea: "Milango ilikuwa ya kijani."
"Kahawia," akasema Gurmeet.
"Kijani! Shemeji yangu alikuwa mpaka rangi wa reli."
"Shemeji yako alipaka Korogwe!"
Wakabishana hadi chai ikashika utando,
wakinyoosheana vidole juu ya paa langu la kopo,
nami nimesimama hapo, mikono imejaa gundi kavu,
sijui nicheke au niketi.
Nyumbani hakuna anayenibishia.
Nyumbani ni ndiyo, ndiyo,
kama anavyoitikiwa mgonjwa.

"Mlima uko wapi?" Aminieli akauliza.
Sikuuweka. Mlima kila mtu anao.
Mimi siku ile nilitazama miguu ya watu.

Ndipo Nakijwa akainama, kwa jicho lile la kutafuta mshipa:
"Na huu mfuko juu ya benchi ni wa nani?"

Sikuwa nimepanga kusema.
Wa baba. Alikuwa anakwenda Tanga, kwenye mkonge.
Niliambiwa niushike, nimpe akishapanda.
Nilikuwa natazama viatu vya askari. Treni ikaondoka.
Magimbi yale tuliyala njiani tukirudi, bado ya moto.
Alirudi, ndiyo. Mara mbili.

Hakuna aliyesema pole.
Mbonea alisogeza miwani.
"Ulikuwa wa kitambaa, au wa ukindu?"
Wa ukindu.
"Basi huu si wenyewe. Huu ni wa kitambaa."
Gurmeet akavuta droo, Nakijwa akaleta kibanio,
na kijana akachana jamvi la mlangoni, utembe mmoja
mwembamba kuliko unywele wa mtoto.
Tulisuka hadi mtu wa taa akapita
kuuliza kama tunalala humo.

Milango sikuweza kuamua.
Mmoja nimepaka kijani, mmoja kahawia,
nikauweka ubao dirishani ukauke.

Ndeshi alikuwa anamenya ndizi.
Hakugeuka.
"Bluu," akasema. "Ilikuwa bluu.
Nilikuwa nimekushika mkono."